Kitabu cha Namba Saba

Mgeni wa namba saba aliondoka alfajiri, hana deni,
kitanda kimetandikwa kama cha jeshi,
akasahau kitabu chini ya mto.
Riwaya fupi tano ndani ya jalada moja,
maiti moja kwa kila riwaya,
na bei ya mtumba kwa kalamu: elfu mbili,
ikakatwa, elfu moja mia tano.

Mimi ni wa zamu ya usiku. Kirumba hii
harufu ya dagaa wa Mwaloni hupanda ngazi bila kujiandikisha,
na daftari la wageni nimelisoma miaka tisa.
Nawajua "mume na mke" wa saa sita usiku.
Naijua "biashara" isiyo na hata mfuko wa rambo.
Uongo una mwandiko wake:
herufi husimama wima mno,
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Wapelelezi wa vitabuni hawanitishi.

Riwaya ya kwanza nilimshika muuaji kabla chai haijapoa.
Ya pili alinichelewesha: mfamasia, mpole,
sauti ya kuongozea sala msibani.
Ya tatu umeme ulikatika penye kisu.
Nikakaa gizani na kile kisu
mpaka Kwilasa mlinzi akaja na tochi,
akauliza mbona nimepandisha miguu kwenye kiti.
Ya nne sisemi.
Ya nne ilinifanya nihesabu funguo ubaoni,
mara mbili.

Lakini ya tano.
Ya tano mtu kaonekana akielea kando ya mawe,
kiatu kimoja, jua halijapanda,
na pembeni mwa ukurasa penseli imesema:
*Si kweli. Ziwa halimrudishi mtu siku hiyohiyo.*
Nikafunua.
*Kamba ya nyavu haifungwi hivi.*
Nikafunua tena, na chini kabisa,
mkono umekandamiza hadi karatasi ikatoboka:
*Mama yake hakuulizwa.*

Nikavuta daftari, mwandiko kando ya mwandiko.
Bulugu Ng'wandu. Atokako: Nansio.
Kazi: pengo. Aendako: pengo.
Ile "k" yenye mguu uliopinda ni ileile.

Sasa niambie wewe usomaye:
mtu huandika hivyo kwa kuchoshwa na waandishi wavivu,
au kwa kuwa alikuwepo?

Nikakimbilia mwisho. Mwisho haupo.
Karatasi mbili zimechanwa,
meno yake yamebaki kwenye uzi wa jalada.

Upelelezi wangu ulipanda ngazi na ufagio.
Nikalala kifudifudi sakafuni namba saba,
vumbi, kizibo cha soda, nywele isiyo yangu,
na mguu mfupi wa meza
umekanyaga karatasi iliyokunjwa mara nyingi.
Mguu ule una msumari, nimeulalamikia tangu mwaka juzi.
Nikakunjua: matundu, matundu.
*Wote wakageuka, wakamtazama*
kisha tundu,
na kupitia tundu nikaona kidole changu.

Jioni akaingia mwalimu kutoka Magu, na madaftari ya kusahihisha.
Hata hajavua viatu: dada, meza inacheza.
Nikazikunja karatasi, nikazirudisha kazini.

Kulipokucha Kwilasa akaniuliza, kama kila siku,
usiku ulikuwaje.
Nikamwambia wamekufa watano
na hakuna aliyelipia chumba.
Akacheka, akaenda zake kunawa.

Nami nikachonga penseli kwa wembe.
Nikautafuta ukurasa ule uliotoboka,
na chini ya mama yule asiyeulizwa
nikaandika, polepole, herufi zikilala zitakavyo:
*Anaitwa nani?*

Kitabu kipo kaunta, kando ya daftari.
Wageni wanakiulizia bei.
Nawaambia kina mwenyewe.